Sampla na Kompyuta: Kupitisha Sauti Huku na Huku Bila Kuiharibu

Mara ya kwanza nilipotaka kupitisha wimbo kutoka kwenye laptopu kwenda kwenye sampla, mwimbaji alitoweka. Ulikuwa wimbo wa taarabu, stereo nzuri, fidla kushoto, akordioni kulia, bibi anaimba katikati. Nilinunua waya mfupi kwa fundi wa redio: jeki ndogo upande mmoja kwa ajili ya tundu la hedifoni, jeki nene upande wa pili kwa ajili ya miksa ndogo iliyokuwa ikilisha sampla. Nikachomeka, nikabonyeza. Fidla zikaja, lakini kwa mbali, kama zinapigwa nyumba ya jirani. Akordioni nayo ikaja. Bibi hakuwepo, na besi haikuwepo. Nilikaa saa nzima nikichokonoa setingi za kompyuta, kumbe tatizo lilikuwa ndani ya jeki, kwenye pete ya chuma nyembamba kama punje ya mchele.

Pete hiyo nitaieleza mbele. Kwanza jiulize unapitisha nini, maana wengi wetu tunashika waya kabla ya kujibu swali hilo.

Kati ya sampla na kompyuta kuna kazi mbili, na hazifanani. Kazi ya kwanza ni kubeba faili: kipande cha sauti kimeshakuwepo, kimekatwa, kina jina, unataka kikae upande wa pili vilevile kilivyo. Kazi ya pili ni kurekodi: unagonga padi, unageuza kitasa cha efekti, mkono unachelewa kidogo kwenye sneya, na unataka uchezaji huo unaswe ukiwa unatokea. Msimamo wangu ni kwamba kilichokwisha kuwa faili kibebwe kama faili, na kinachochezwa kwa mkono kirekodiwe. Ukirekodi tena faili kupitia waya umeongeza mvumo na kupoteza muda bure. Na ukijaribu kubeba uchezaji kwa faili moja moja, utafika upande wa pili na vipande vyote, ila ule uhai wa mkono utakuwa umebaki njiani.

Mashine nitakayoitumia kama mfano ni Roland SP-404MKII, iliyotoka mwaka 2021, kwa sababu njia zote zimo ndani ya kiwiliwili kimoja: kadi ya SD, tundu la USB-C linalopitisha sauti na MIDI, yaani lugha ya amri ambayo mashine za muziki hutumia kuambiana, na matundu ya kawaida ya jeki nene. Kama yako ni nyingine, majina ya vitufe yatabadilika lakini mantiki ni hiyohiyo. Mashine za zamani zina sehemu yao huko mbele.

Kubalianeni namba kwanza

Sauti ya dijitali ni vipimo. Kompyuta huipima sauti maelfu ya mara kila sekunde na kuandika namba. Ikipima mara 44,100 kwa sekunde, tunaita kilohezi 44.1, ambayo ndiyo kasi ya CD. Ikipima mara 48,000, ni kilohezi 48. SP-404MKII hufanya kazi kwa kilohezi 48 na biti 16. Kaka yake wa zamani, SP-404SX ya mwaka 2009, hufanya kazi kwa 44.1, na ndivyo zilivyo MPC nyingi za Akai za miaka ya 1990 na 2000.

Kompyuta ikicheza kwa kasi moja na mashine ikasoma kwa nyingine bila mtu kubadilisha, wimbo unaharibika kwa namna ambayo sikio huistukia lakini haliitambui haraka. Sauti ya kilohezi 48 ikisomwa kama 44.1, mdundo wa mapigo 90 kwa dakika unashuka hadi karibu 83, na noti zote zinashuka nusu-toni moja na nusu hivi. Mwimbaji anasikika mchovu. Kinanda chako hakikubaliani na chochote. Unaanza kudhani ni kaseti iliyovutika, na unaweza kuhangaika siku nzima ukiipandisha kwa kitasa.

Kwa hiyo kabla ya kuchomeka chochote fungua programu unayotumia, iwe FL Studio, Ableton Live, Reaper au Audacity, nenda kwenye setingi za sauti, weka kasi ya mashine yako. Kwa MKII weka 48. Kisha nenda kwenye setingi za sauti za kompyuta yenyewe, weka namba hiyohiyo. Programu nyingi za leo zikikuta faili la kasi tofauti hulibadilisha zenyewe, na hulibadilisha vizuri. Hatari iko pale ambapo hakuna aliyeulizwa.

Kasi isiyo sahihi inaweza pia kuwa uamuzi wa kisanii, na muziki mwingi tunaoupenda umetoka huko. E-mu SP-1200, sampla ya mwaka 1987, ilikuwa na nafasi ya sekunde kumi hivi tu za sauti kwa padi zote. Maprodyuza wa hip hop wa New York wakawa wanacheza santuri ya mizunguko 33 kwa kasi ya 45 ili wimbo uingie kwa muda mfupi, halafu wanaishusha ndani ya mashine hadi irudi mahali pake. Ule ukakasi na lile vumbi unalolisikia kwenye ngoma za wakati ule vilitokana kwa sehemu na ubanaji huo. Lakini walijua walichokuwa wakifanya. Wewe nawe ukitaka kushusha sauti, ishushe kwa makusudi.

Kubeba faili

Hii ndiyo njia safi kuliko zote, na ndiyo inayodharauliwa zaidi, labda kwa sababu haina kitu cha kusikiliza wakati inafanyika.

Tafuta kadi ya SD isiyozidi gigabaiti 32. Kadi kubwa zaidi ya hapo hutengenezwa kwa mfumo mwingine wa kupanga mafaili, na sampla nyingi haziuelewi. Nunua mahali unapoweza kurudi, kwa sababu kadi za bandia zimejaa: imeandikwa 32 lakini ndani ina nne, na inakubali kupokea kila kitu hadi siku utakapotaka kukisoma. Ukifika nyumbani, ijaze mafaili hadi ukingoni, kisha ufungue mafaili ya mwisho uone kama yanacheza. Ni jioni moja tu, na itakuokoa.

Kadi iformatiwe ndani ya sampla, si kwenye kompyuta. Mashine ikiiformati, itapanga folda zake inavyotaka. Baada ya hapo ichomeke kwenye kompyuta, uone folda zilizojitokeza. Kwenye SP-404 iko folda iitwayo IMPORT; humo ndimo unamoweka mafaili yako, kisha unarudisha kadi kwenye mashine na kuyaita yaje kwenye padi. Mafaili ukiyamwaga nje ya folda hiyo, mashine haitayaona, na haitakwambia kwa nini.

Faili lenyewe liandae kwenye kompyuta kwanza, ambako kuna kioo kikubwa. Likate karibu. Mwanzo wa kiki uanze pale wimbi linapopanda, usiache hata upenyo wa milisekunde 20, kwa sababu ukigonga padi utahisi mashine inasuasua na utailaumu bure. Mwisho uufifishe kidogo ili usisikike mlio wa "tik". Kama ni kipande cha kurudiarudia, kikate kwa hesabu, usitegemee jicho: mapigo 16 kwa kasi ya 90 kwa dakika ni sekunde 10.67, na kwa kilohezi 48 hiyo ni vipimo 512,000 kamili. Programu zote nilizozitaja zinaweza kukuonyesha urefu kwa vipimo. Kipande kilichokatwa hivyo huzunguka usiku kucha bila kupotea njia.

Hifadhi kama WAV, biti 16. Ndiyo, MKII inasoma hata MP3, lakini MP3 huongeza ukimya mdogo mwanzoni mwa faili, na hilo pekee linatosha kuvuruga mzunguko. Kuhusu ukubwa usihofu: dakika moja ya stereo kwa kilohezi 48 ni kama megabaiti 11 na nusu. Gigabaiti 32 zina nafasi ya karibu siku mbili nzima bila kulala.

Majina nayo yana adabu yake. Andika mafupi, herufi na namba tu, bila alama za ajabu. "ChapuoTanga03" linatosha. Mashine ina kioo kidogo. Ukiandika "ngoma ya harusi ya binamu mpya mpya final 2", utaona "ngoma ya harus" mara kumi na mbili. Na mahali pengine, kwenye daftari au faili la maandishi, andika kila kipande umekitoa wapi: wimbo gani, nani anapiga, nani alirekodi. Siku wimbo wako utakapopendwa, utahitaji kumtafuta mwenye kazi ili umlipe na umwombe ruhusa. Wapigaji wengi wa rekodi tunazozikata, au watoto wao, wapo hai Tanga, Zanzibar, Mombasa na Lubumbashi. Haki yao tusiifukie kwenye folda.

Na WhatsApp. Marafiki wengi hutumiana sauti kwa WhatsApp, na ukiituma kama ujumbe wa sauti inabanwa hadi inabaki kama imepita kwenye simu ya mezani. Mwambie anayekutumia aitume kama dokumenti. Hapo faili linafika zima. Kama tayari ulichonacho ni kile kilichobanwa, kukigeuza kuwa WAV hakutarudisha kilichopotea.

USB: waya mmoja, njia nne

Waya wa USB kwenye MKII hubeba sauti kwenda na kurudi, kushoto na kulia, pamoja na MIDI. Kwa mtu anayefanyia kazi chumbani, huu ni utajiri, kwa sababu huhitaji kifaa kingine cha sauti katikati.

Anza na waya wenyewe. Nyaya nyingi za USB-C zinazouzwa barabarani ni za kuchaji tu. Ndani zina nyaya za umeme na hazina za data. Sampla itawaka, utafurahi, lakini kompyuta haitaiona. Kabla ya kulaumu chochote, unganisha simu yako kwa waya huohuo: kompyuta isipoziona picha zako hata baada ya kuiruhusu kwenye simu, tafuta waya mwingine. Ukipata mzuri, ufunge uzi mwekundu usichanganyike na wengine.

Kwenye Windows, weka draiva ya Roland kwanza, kisha ndiyo uchomeke. Ndani ya programu chagua draiva ya ASIO ya mashine. Usichague ile ya jumla ya Windows, ambayo huchelewesha sauti na mara nyingi hubadilisha kasi ya vipimo bila kukuambia. Kwenye Mac mashine hutambulika yenyewe. Chagua sampla kuwa ndiyo njia ya kuingilia na ya kutokea. Tangu hapo sauti ya kompyuta itatoka kwenye hedifoni za sampla, na spika za laptopu zitanyamaza. Usishtuke, ndivyo inavyotakiwa.

Sasa cheza wimbo kwenye kompyuta, usikie kwenye sampla. Bonyeza REC, padi tupu zitawaka-waka, chagua mojawapo, bonyeza REC tena ukiwa tayari, na tena ukimaliza. Angalia mita. Nataka kilele kiwe kati ya desibeli 12 na 6 chini ya ukomo. Biti 16 zina nafasi ya desibeli 96 kutoka kimya hadi ukomo, kwa hiyo hupotezi kitu ukiacha pumzi kidogo juu, wakati ukigusa ukomo sauti inapasuka, na iliyopasuka haishoneki.

Punguza vilevile sauti nyingine zote za kompyuta. Nina kipande kizuri mno cha zumari ambacho katikati yake kuna mlio wa ujumbe ulioingia. Sijapata kukirekodi tena, kwa sababu mzee aliyeipiga alikuwa safarini na hakupita tena kwetu. Zima taarifa, zima intaneti ukiweza, halafu ndiyo urekodi.

Kuna mtego mmoja wa USB ambao kila mtu huuangukia mara moja. Sampla inatuma sauti kwenye kompyuta. Programu, kwa kuwa umewasha usikilizaji wa kile kinachoingia, inairudisha sauti hiyo kwenye sampla. Sampla inaipokea na kuituma tena. Ndani ya sekunde moja unapata mlio unaopanda kama king'ora, na kama una hedifoni masikioni unaumia kweli. Tiba ni kukata duara mahali pamoja: ama zima usikilizaji ndani ya programu, ama iambie sampla isirudishe kwenye USB kile kinachotoka kwenye USB. Mimi nakata upande wa programu, kwa sababu nasikia padi zangu moja kwa moja kutoka kwenye sampla bila kuchelewa. Na mara zote, kabla ya kuwasha njia mpya, shusha sauti na uvue hedifoni.

Jeki, pete na mvumo

Siku moja USB itagoma, au utakuwa na sampla isiyo na USB, au utataka kunasa kutoka kwenye redio, kinanda au simu ya rafiki. Hapo tunarudi kwenye nyaya za kawaida, na kwenye ile pete.

Itazame jeki nene kwa karibu. Ikiwa na mstari mweusi mmoja, ina sehemu mbili za chuma: ncha na shina. Hiyo hubeba sauti moja. Ikiwa na mistari miwili, kuna sehemu ya tatu katikati, ndiyo pete. Jeki ya aina hii ina maana mbili tofauti kabisa, na hapo ndipo nilipoangukia. Kwenye hedifoni, ncha ni kushoto na pete ni kulia. Lakini kwenye tundu la miksa, ncha na pete hubeba sauti moja ileile, pete ikiwa imegeuzwa juu chini, na miksa hutoa tofauti kati ya hizo mbili ili kufuta uchafu uliookotwa na waya njiani. Mimi niliipa kushoto na kulia. Miksa ikatoa kulia kutoka kushoto. Kila kilichokuwa sawa pande zote mbili kikafutika, na kilicho sawa pande zote mbili kwenye wimbo huwa ni mwimbaji, besi na kiki. Zilizobaki ni fidla na akordioni, kwa sababu kila moja ilikuwa upande wake.

Unachohitaji ni waya wenye jeki ndogo ya stereo upande mmoja na jeki nene mbili za mono upande wa pili. Moja iende tundu la kushoto, nyingine la kulia. Bei yake haina tofauti kubwa. Fundi akikwambia "zote ni sawa tu", mwonyeshe pete.

Sauti ya kompyuta ipandishe hadi kama robo tatu, kisha rekebisha kiasi kwenye sampla. Ikiwa chini mno utaipandisha baadaye pamoja na uchafu wake. Ikiwa juu kabisa tundu la hedifoni lenyewe huanza kupasua. Kwenye SP-404 kitufe cha EXT SOURCE ndicho kinachofungulia mlango sauti ya nje. Na kama unatumia tundu la maikrofoni au gita lililo mbele, kumbuka kwamba limetengenezwa kwa sauti dhaifu. Ukilipa sauti ya laptopu litapasuka mapema.

Halafu mvumo. Umeme wetu ni wa hezi 50, nao hujipenyeza kama noti ndefu ya chini, karibu na G, ukisindikizwa na kijimlio chembamba kinachobadilika unapogusa kipanya cha laptopu. Chanzo chake cha kawaida ni kwamba chaja ya laptopu na adapta ya sampla zinakutana kwa njia mbili, kupitia ukuta na kupitia waya wa sauti, na mkondo mdogo unazunguka humo. Dawa ya kwanza ni ya bure: chomoa chaja, laptopu itumie betri yake kwa dakika tano unazorekodi. MKII nayo hukubali betri sita ndogo za AA, na ninazo pembeni kwa kazi hiyo. Mvumo ukifa, umejua chanzo. Dawa ya kudumu ni kuchomeka vyote kwenye ekstensheni moja, au kununua kisanduku kidogo cha trafoma kinachokaa katikati ya waya wa sauti na kutenganisha pande mbili. Usikate pini ya ethi kwenye plagi ili kuua mvumo. Watu hufanya hivyo, na pini hiyo ipo kwa ajili ya uhai wako.

Kutoka kwenye padi kwenda kwenye kompyuta

Sasa upande ninaoupenda. Umejenga mdundo ndani ya sampla, unataka uende kwenye kompyuta ili mwimbaji aimbe juu yake na mtu auchanganye.

Kama unachotaka ni vipande vyenyewe, vitoe kwa kadi, tumeshayamaliza hayo. Lakini mdundo uliochezwa ni kitu kingine. Sampla nyingi ndogo zina matokeo mawili tu, kushoto na kulia. Ukirekodi yote kwa mkupuo, kiki na besi zimeshikamana milele. Kwa hiyo zitoe mojamoja: nyamazisha vyote isipokuwa kiki, rekodi mwanzo hadi mwisho, kisha sneya, kisha besi, kisha kipande ulichokikata. Ndiyo, wimbo wa dakika tatu na tabaka sita ni dakika 18 za kukaa. Pika chai.

Ili tabaka hizo zikae sawa, saa iwe moja. Unganisha MIDI, ambayo kwa MKII imo ndani ya waya uleule wa USB. Iambie kompyuta itume saa na sampla iifuate. Saa ya MIDI hutuma mapigo 24 kwa kila pigo moja la muziki, na hiyo inatosha mashine kuanza pamoja na kubaki pamoja. Bila hivyo, hata kama pande zote mbili zimeandikwa 90, zitaachana taratibu, kwa sababu kila mashine ina fuwele yake ya kuhesabia.

Bado zitachelewa kidogo. Kompyuta hukusanya sauti kwenye bakuli kabla ya kuishughulikia. Bakuli la vipimo 512 kwa kilohezi 48 ni karibu milisekunde 11, kwenda peke yake. Hapa ninafanya kitu ambacho hakijawahi kuniangusha: mwanzoni mwa kila tabaka, kabla ya wimbo, ninaweka mlio mmoja mfupi mkali, kama kipande cha kijiti kikipigwa kwenye meza, nao ni uleule kila mara. Baada ya kurekodi zote ninazikuza kwenye kioo na kuivuta kila tabaka hadi milio ikae mstari mmoja. Halafu ninaikata. Watu wa filamu wana kibao chao cha kupiga kabla ya tukio. Huu ndio wetu.

Efekti ni suala la kuamua mapema. Kama kitasa cha efekti ni sehemu ya uchezaji, kama uliipinda sauti kwa mkono pale kiitikio kinapoingia, irekodi nayo, usiogope. Kama ni mwangwi wa kupamba tu, uzime na umwachie anayechanganya. Na kama unarekodi mzunguko wenye mwangwi ili uurudie, ucheze mara mbili na uchukue wa pili. Ule wa kwanza hauna mkia wa mwangwi mwanzoni, na kila ukirudi utasikia shimo.

Ukiwa na mashine ya zamani

Akai S900, S1000, MPC2000XL: zipo, zinafanya kazi, na nyingine zina sauti ambayo mashine mpya zinajitahidi kuiiga. Shida ni mlango. Diski laini ya megabaiti 1.44 hubeba kama sekunde 16 za mono. Njia ya MIDI ipo kwa kanuni, lakini ni ya polepole kiasi kwamba sekunde moja ya mono ya kilohezi 44.1 huchukua kama sekunde 45 kupita. Mimi nisingeipoteza siku huko. Toa kiendeshi cha diski laini, weka kifaa kiitwacho Gotek kinachokaa katika tundu lilelile na kupokea flashi ya USB. Mashine itaendelea kuamini inasoma diski. Kama ina tundu la SCSI, ziko kadi ndogo kama SCSI2SD na BlueSCSI zinazojifanya hadidiski na kuhifadhi kila kitu kwenye kadi ya SD.

Angalia pia lugha ya diski. MPC2000XL husoma diski za kawaida za kompyuta na mafaili ya WAV, hivyo ni rahisi. S1000 ina mpangilio wake wenyewe, na kompyuta itakuuliza kama unataka kuiformati diski hiyo. Jibu ni hapana. Tumia programu inayojua kusoma mpangilio wa Akai, la sivyo utafuta kazi ya mtu.

Kabla hujazima

Mashine huibwa, hudondoka, hunyeshewa na paa linalovuja. Kadi hufa bila kuugua. Leo ukimaliza kufanya kazi, toa miradi yako kutoka kwenye sampla uiweke kwenye kadi, ichomeke kadi kwenye kompyuta, nakili kila kilichomo kwenye folda yenye tarehe ya leo, na nakala ya pili iweke kwenye diski ambayo hailali nyumba moja na laptopu. Halafu fungua faili moja kutoka kwenye nakala hiyo, lolote, ulisikilize hadi mwisho.